Yuniti Tatu za Majani

"Shangazi, kwani huwezi kuacha tu?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, nimepanda kitandani kwake na viatu, jambo ambalo siku nyingine lingeniponza. Siku hiyo hakuona. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kabati, anaikodolea macho karatasi ya manila aliyoibandika pale kabla hata mimi sijajua kusoma. Aliniambia nimpe kalamu nyekundu. Nikampa, akaishika tu.

Nikisema kweli, karatasi ile ndiyo iliyonifundisha kusoma. Watoto wengine walianza na picha za paka na mpira, mimi nilianza na Uhasibu wa Awali. Shangazi ni mdogo wake baba. Wakati huo aliishi nasi katika chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo, na kwenye karatasi ile alikuwa amechora visanduku arobaini kwa rula. Kila kisanduku somo moja, kila somo yuniti tatu, na ukifikisha yuniti mia moja na ishirini unapewa shahada ya kwanza ya fedha. Somo akilifaulu, kisanduku kinapakwa kijani. Likimkwamisha, kinabaki cheupe, na yeye anabaki amenuna wiki nzima.

Mchana alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya bima. Kazi yake ilikuwa mafaili: kuyafungua, kuyapa namba, kumtolea mtu anayeyataka na kumtafutia mtu aliyeyapoteza. Jioni alipanda ngazi za chuo pamoja na watu wazima wenzake waliotoka makazini, wengine bado wana vitambulisho shingoni. Masomo matatu kwa muhula, mawili akizidiwa. Ndiyo maana miaka saba ilipita na bado alikuwa mwanafunzi.

Masharti ya shahada ile nayajua mpaka leo kama wimbo wa shule. Kwanza misingi: uhasibu, uchumi mdogo, uchumi mkuu, hisabati, takwimu, sheria za biashara, uandishi wa barua na ripoti. Halafu ndiyo yanakuja masomo ya fedha yenyewe: fedha za makampuni, masoko ya mitaji, uwekezaji, usimamizi wa mabenki. Katika hayo huruhusiwi kupata chini ya C, hata wastani wako uwe mzuri namna gani. Kuna majuma nane ya mafunzo kwa vitendo, ambayo Shangazi aliyapata kwa kuunganisha likizo za miaka miwili. Mwisho kuna andiko la utafiti. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna hili: vyote viishe ndani ya miaka minane. Ukivuka hapo, masomo ya mwaka wa kwanza yanaanza kufutwa, na unayarudia kama mtu aliyeingia chuoni jana.

Baba alimwita Mhitimu. Alianza siku ileile aliyojiandikisha.

"Mhitimu, chai inapoa."

"Na nikihitimu kweli utaniita nani?"

"Nitakuita jina lako. Utani utakuwa umekwisha."

"Mwache wifi yangu," Mama anadakia. "Wewe mwenyewe masomo yako uliishia wapi?"

"Niliishia kwenu," Baba anasema, anavuta kikombe chake.

Somo lililomtoa jasho kuliko yote ni takwimu. Alianguka mara mbili. Mara ya tatu alinunua dadu mbili, akaniita chumbani Jumapili mchana, tukazirusha juu ya blanketi mara mia tatu, mimi natupa, yeye anaandika. Mimi nilidhani tunacheza. Nilikuwa napiga kelele kila zikitoka sita na sita, naye ananiambia, kwa upole kabisa, kwamba sita na sita haijui kama nimeipigia kelele. Nikikumbuka mchana ule, jua likipita kwenye shuka zilizoanikwa nje na kuingia chumbani limekuwa la bluu, naona kama sijawahi tena kukaa na mtu mzima aliyekuwa na muda kiasi kile, ingawa sasa najua kwamba muda ndicho kitu pekee alichokuwa hana.

Mara ya tatu alifaulu. Kisanduku kilipakwa kijani mpaka karatasi ikalowa.

Basi mwaka wa saba, visanduku vyote arobaini vikawa kijani. Fundi cherehani alishampima gauni la kuvaa ndani ya joho. Pale ofisini, mkuu wa idara ya fedha alikuwa amemwambia kwamba kuna kiti kitakuwa wazi mwisho wa mwaka, na kwamba akileta cheti, atoke masijala ahamie kule. Kilichobaki ni ukaguzi wa mwisho, yaani kupita kwenye dirisha la msajili wa chuo ahakikishe hesabu ya masomo. Shule zilikuwa zimefungwa, akanichukua. Nadhani alitaka shahidi.

Mama wa dirishani alikuwa na miwani ya kamba. Alipitisha kidole kwenye karatasi yake, akarudi juu, akapitisha tena.

"Yuniti zimetimia," alisema. "Ila sayansi asilia siioni."

"Sayansi ipi? Mimi ni wa fedha."

"Dada, dirisha hili wote ni wa fedha. Walioingia mwaka wako wanatakiwa wawe na somo moja la sayansi asilia, lenye maabara. Wewe una masomo matano ya hiari, yote ya fedha. Moja hapo halihesabiki."

"Nimefuata kijitabu cha mwongozo."

"Cha mwaka gani?"

Shangazi alinishika mkono, tukatoka.

Ilikuwa hivi. Alipoamua kusoma, mwenzake wa ofisini aliyemtangulia chuoni mwaka mmoja alimwazima kijitabu chake, na Shangazi akanakili masharti yote kwenye ile manila kwa mwandiko wake wa vitambulisho vya mafaili. Majuma mawili baadaye chuo kikampa kijitabu chake mwenyewe. Jalada lilelile, rangi ileile. Mtu mwingine angelifungua hata kwa udadisi. Yeye alikuwa karani wa masijala: aliona nakala ya kitu alichonacho tayari, akaitoboa matundu mawili, akaiweka kwenye faili, akaandika juu NAKALA, akarudisha faili rafuni. Lilikaa pale miaka saba. Tuliporudi nyumbani alilitoa mara moja, hakulitafuta hata sekunde tano. Ukurasa wa kumi na moja, mstari wa tatu. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana pembeni.

Hadi leo ukimpa karatasi yoyote yenye masharti, iwe ya bima, iwe ya shule, iwe ya dawa, kitu cha kwanza anachotafuta ni mwaka.

Hapo ndipo nilipomuuliza lile swali, naye akaomba kalamu nyekundu. Baada ya muda mrefu alichora kisanduku cha arobaini na moja, chini ya vingine, bila rula. Kilikaa upande.

Mambo yalisimama namna hii. Somo pekee la sayansi lililofundishwa kwa watu wenye kazi lilikuwa Utangulizi wa Botania, yaani elimu ya mimea, Jumamosi asubuhi, mara moja kwa mwaka. Muhula huo ungekuwa wa mwisho ndani ya miaka yake minane. Akifaulu, amemaliza. Akianguka, uhasibu unafutwa, uchumi unafutwa, na takwimu, ile takwimu, inafuata nyuma. Kiti cha idara ya fedha hakikumngoja. Alipewa kijana mmoja mwenye cheti, ambaye kila siku alikuwa anashuka masijala kumuuliza Shangazi faili fulani liko wapi.

Baba aliposikia habari hakutania. Wiki nzima alimwita kwa jina lake, mimi nikaogopa, nikadhani kuna mtu amekufa.

Mwezi wa kwanza ulipofika alianza majani. Ilikuwa ni vichekesho na huzuni pamoja. Mwanamke anayejua kukueleza kwa nini bei ya hatifungani inashuka riba ikipanda alikuwa hawezi kutofautisha muhogo na mpapai. Alitakiwa kukusanya majani hamsini, ayakaushe, ayabandike, aandike kila moja limetoka wapi. Tukawa tunatembea naye uchochoroni, nyuma ya karakana, kwenye mtaro wa shule yangu, anachuma na kuuliza watu. Wanamjibu wanavyojua.

"Hili linaitwaje?"

"Hilo ni gugu, mama."

"Magugu yako mengi."

"Ndiyo hilohilo."

Majani aliyakausha ndani ya vitabu vyake. Kitabu cha fedha za makampuni kilikuwa kizito kuliko vyote, kikabeba majani ishirini peke yake. Chumba kikaanza kunuka nyasi iliyokatwa. Baba alipita mlangoni siku moja, akavuta hewa, akasimama.

"Mhitimu, humu ndani unafuga mbuzi?"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikacheka kwa sababu jina lilikuwa limerudi.

Majina ya kitaalamu hayakumwingia. Aliyaandika kwenye vipande vya karatasi, akavibandika kwenye kioo, jikoni, hata kwenye mlango wa choo, lakini jaribio la kwanza alipata alama thelathini na nane kwa mia. Alitakiwa kufikisha hamsini. Alirudi akaweka mkoba, akasema tu, "Limebaki jaribio moja na mtihani," akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka.

Kilichomwokoa ni masijala. Siku ya kukabidhi mkusanyiko, wenzake walileta majani yamebandikwa kwenye madaftari, mengine yamekwisha kuvunjika. Shangazi alipeleka faili. Majani hamsini, kila moja kwenye karatasi yake na namba yake, mahali lilipochumwa, tarehe, saa, hali ya udongo, na mbele kabisa orodha mbili: moja kwa jina, nyingine kwa mahali. Mwalimu wa botania, mzee mwembamba asiyependa kusifia watu, alilifungua faili akalipitia ukurasa kwa ukurasa darasa zima likiwa limesimama.

"Umejifunza wapi kazi hii?"

"Masijala, mwalimu. Ofisi ya bima."

"Hm," akasema. Shangazi anasema ile hm ilikuwa na alama tisini na tano ndani yake, na kweli ndizo alizopata. Mkusanyiko ulibeba theluthi ya somo. Hata hivyo mtihani ulibaki, na kabla ya mtihani alikuwa hali vizuri. Mama alikuwa anamwekea chakula, anakikuta vilevile. Tulikuwa tunamwona akipita na midomo inacheza, anataja majani kimyakimya kama mtu anayegombana na jirani.

Matokeo yalibandikwa ubaoni siku ya Jumatano. Alitoka kazini mapema, akaenda peke yake. Aliporudi alinyoosha moja kwa moja chumbani. Sote tukamfuata, Baba akiwa wa mwisho, anajifanya anatafuta koleo. Alikuwa anapaka kisanduku kile cha upande rangi ya kijani, polepole, hataki itoke nje ya mstari. Amefaulu. Alama hamsini na moja, moja tu juu ya mstari. Baba alishika fremu ya mlango, akatamka jina la dada yake lote, la kwanza na la baba yao.

Gauni lilibidi lipunguzwe. Miaka miwili baadaye alipata kazi ya uchambuzi wa mikopo kwenye chama cha ushirika, akahama, na chumba cha nyuma kikawa chetu sisi watoto. Mimi niko kidato cha tatu sasa. Siku nyingine jua likipita kwenye shuka na kuingia la bluu, najikuta nasubiri mtu aniambie nirushe dadu.

Mwezi uliopita alikuja kutusalimia. Tulikuwa jikoni wawili, tunamenya viazi, nikamwambia, Shangazi, kuna swali nilikuuliza nikiwa mdogo, hukunijibu. Nikamkumbusha. Nilidhani ataniambia mambo ya uvumilivu, yale ambayo walimu wanatuambia mstarini. Alimenya kiazi kizima kwanza.

"Niliacha," alisema. "Muhula ule niliacha mara nne. Ila kila nilipoacha ilikuwa Ijumaa jioni, ofisi ya msajili imeshafungwa, na Jumamosi saa mbili kulikuwa na darasa."