Niliwasha moto kabla ya mama mkwe wangu, mwaka tuliohamishiwa kijijini

Wakuu, mwaka wenyewe siujui kwa namba. Naujua kwa chakula.

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano, ule uliokuja kwa meli kutoka nchi za watu. Ukipika ugali unanuka gunia, na watoto wanauliza kama umetia manjano. Aliyeula ananielewa. Asiyeula akamuulize bibi yake kabla hajafa.

Mkinipa shikamoo nimeshaitikia marahaba, tusipoteze muda. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima, kwenye banda la pamba, mtoto mgongoni. Naandika kwa kidole kimoja. Mjukuu wangu Robi anayekaa Turwa ananiwekea nukta tu, maneno ni yangu. Na umri huu nikidanganya, namdanganya nani?

Kilichonileta ni mada moja Robi alinisomea humu. Vijana mnasema wazee wenu walihamishwa kama mbuzi, wakaacha mashamba mazuri, wakanyamaza, ndiyo maana leo mnabanana. Wazee nao wanawajibu kwamba ninyi hamna adabu, mngekuwepo mngefanya nini.

Nikacheka peke yangu. Kwa sababu kwenye jambo hilo mimi nilikuwa kijana. Mzee alikuwa mama mkwe wangu. Na mwenye kosa niliitwa mimi.

Sasa nisikilizeni.

Mimi mama yangu alikufa nikiwa sijaota meno. Nililelewa na mke mwingine wa baba, mwanamke ambaye kunipa maji ya kunywa aliona hasara. Nilipoolewa na Mwita, upande wa Kenyamonta, nilikuwa binti asiyejua hata kusonga ugali wa ulezi. Naukoroga kama uji wa mgonjwa.

Mama yake Mwita, jina lake Wankuru, aliuangalia ule ugali wangu wa kwanza, akaangalia na uso wangu. Akasema, "Huyu hawakumwoza, walimtupa. Njoo hapa, mwanangu."

Wakuu, nilikuwa sijawahi kuitwa mwanangu na mwanamke.

Alinifundisha kila kitu. Kukamua, kuosha kibuyu kwa moshi, kufunika makaa kwa majivu jioni ili asubuhi uyakute hai. Moto wa jikoni kwake alikuwa amepewa na mama mkwe wake, naye alipewa na wake. Haujawahi kuombwa kwa jirani.

Vijana mnaowasha gesi kwa kubonyeza, hapa muwe wapole kidogo mnielewe.

Kwetu wakati ule, mke kijana hana moto wake. Anapika kwenye jiko la mama mkwe mpaka siku atakayopewa mafiga, yaani mawe yake matatu. Siku hiyo mama mkwe mwenyewe anachukua kaa jikoni kwake, anakuja kukuwashia. Hiyo ndiyo hati yako ya kuwa mwanamke wa pale. Na boma zima likihama, mama ndiye anaingia na moto kwanza kwenye makazi mapya. Wengine wote mnachota kwake. Ukimtangulia umesema kwa vitendo kwamba ameshakufa.

Mimi nilikuwa na mwaka wa tatu pale, na mtoto mmoja, Chacha, anayetambaa. Mama aliniahidi ulezi ukivunwa ananipa mafiga. Nilikuwa nimeshayachagua mawe yangu kule kijitoni, nimeyaficha kwenye majani kama mwizi.

Ndipo ikaja operesheni. Watu wote wahamie kijijini, nyumba kwenye mistari. Mwita alikuwa amesoma, basi wakamfanya balozi wa nyumba kumi. Balozi hawezi kuhama wa mwisho, ikabidi awe mfano.

Mama hakukataa kuhama. Hili mlisikie vizuri, maana watu walimzushia. Alisema, "Nitakuja. Lakini baba yenu amelala hapa mlangoni pa zizi. Siwezi kumwacha kama mtu aliyekimbia deni. Nipeni siku nipike pombe kidogo, nimwage, nimuage, nije na moto wangu."

Pombe ya ulezi haiivi kwa amri ya mtu. Lori lilikuja kabla ya pombe.

Tukapanda mimi na Chacha, vyombo viwili na kuku mmoja aliyetoroka njiani. Mama alibaki na chungu chake jikoni. Akasema, "Tangulieni, mimi nina miguu."

Kule kijijini tulikuta kigingi kimoja na nyasi. Hicho kigingi ndiyo nyumba yetu. Mwita na wenzake wakasimamisha kibanda, upande mmoja majani, upande mmoja turubai.

Siku ya kwanza tulikula viazi vya baridi nilivyotoka navyo. Siku ya pili tukalamba makombo ya vile viazi. Siku ya tatu Chacha alilia mpaka akaacha kulia, na hiyo ya kuacha ndiyo ilinitisha.

Mgao wa unga wa njano ulikuwa unakuja. Lakini karani aliyegawa alikuwa na utaratibu wake, kwa sababu watu walikuwa wanasimika kigingi, wanachukua unga, halafu wanarudi kwao milimani. Kwa hiyo alikuwa anapita kwenye mistari anaangalia moshi. Penye moshi anaita jina. Pasipo na moshi pana kigingi tu, anapita.

Jirani yangu ananiambia, "Washa, wewe. Anakuja."

Nikamwambia mama hajafika.

"Basi mtoto wako atakula mila."

Nikamwangalia Mwita. Alikuwa anafunga kamba, hakugeuka. Akasema, "Washa. Mama nitamweleza mimi."

Nikawasha. Kwa kiberiti, wakuu. Mawe yenyewe niliokota barabarani.

Karani akafika, akaona moshi, akaita jina, nikapewa. Nikapika, Chacha akala, rangi ikamrudi. Sitamwomba mtu yeyote radhi kwa kile chakula.

Mama alifika siku iliyofuata, saa za jioni bado jua lipo. Nilimuona kutoka mbali. Alikuja kwa miguu tangu alfajiri, amebeba kigae cha chungu kilichovunjika, ndani yake makaa, juu yake samadi kavu. Kila hatua chache anasimama, anapuliza, anatembea. Mikono ilikuwa imeungua.

Alifika kwenye mstari wetu, akaona moshi unatoka kibandani kwetu.

Akasimama. Akaniangalia mimi, akamwangalia Mwita. Nilimsubiri Mwita aseme. Alikuwa ameahidi. Balozi mzima, mtu wa kusimama mbele ya mkutano, alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Marehemu simsemi vibaya, nasema alichofanya.

Mama hakugomba. Angegomba ningepona. Alipuliza makaa yake, akageuka, akaanza kurudi na moto wake njia ile ile.

Nilimkimbilia. Nikashika nguo yake. Akasema bila kugeuka, "Nenda ukaangalie chakula chako, mke wa Mwita, kitaungua."

Mke wa Mwita. Mwanangu ikawa imeisha.

Kuanzia hapo kila mtu alinilaumu. Kisimani wanawake waliniita Mama Kiberiti. Wazee wa ukoo walimwambia Mwita, "Mmeuza boma la baba yenu kwa kisado cha unga wa njano." Na vijana wenzetu nao wakiwajibu wazee kwa nyuma, "Wangekufa na moto wao basi, tuone nani angewazika." Huku wanatukana, huku wanatukana, na mimi katikati na jina langu la Kiberiti.

Mama alirudi mahameni, kule tulikotoka, akakaa kwenye nyumba yake. Mgambo walipoenda kumtoa walimkuta amekaa mlangoni anapukuchua kunde. Aliwasalimia, akawauliza wao ni watoto wa nani. Walirudi bila kumgusa. Wakasema yule bibi hayuko sawa kichwani. Alikuwa sawa kuliko wote waliomtuma.

Sasa mimi kila siku ya mapumziko ya shamba la ushirika, naamka, napika, nafunga sufuria kwa kanga, napanda kilima nampelekea. Nusu siku kwa miguu.

Alikuwa ananipokea vizuri, na hilo ndilo lilikuwa linaniua. "Chacha hajambo? Ameanza kusimama? Usimwache na nguo mbichi." Tunaongea, hata tunacheka. Halafu namwekea chakula mbele.

"Kiweke hapo, mke wa Mwita. Mbwa anakusubiri."

Na kweli mbwa alinenepa. Alikuwa ananiona kilimani anakimbilia kunipokea kama mgeni wa harusi.

Siku moja nikamwambia, mama, nitauzima ule moto wangu, uje na wako uwashe upya. Akanijibu, "Nije niwe moto wa pili? Moto wa pili ni wa mke mdogo. Mimi niwe mke mdogo kwenye boma la mwanangu?"

Nikarudi nalia njia nzima. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, yule mama ale tonge moja la mkono wangu. Hata leo, nimezaa saba, nimezika wawili na mume juu, sijawahi kutaka kitu kingine hivyo.

Ilikwenda hivyo mpaka mavuno ya mwaka uliofuata. Ulezi ulikubali kidogo. Nikasaga, nikapika, nikabakiza unga kidogo nikaufunga kwenye pindo la kanga, nimpe mama apike uji wake mwenyewe asubuhi.

Mvua ilikuwa imenyesha. Pale kijitoni niliteleza. Sufuria ikaenda na maji, na mboga, na mfuniko. Pindo la kanga lilikuwa juu, unga ukapona.

Nilifika kwa mama nimelowa, mikono mitupu. Mbwa akaninusa, akaniona sina maana, akaenda kulala.

Nikasema, "Mama, leo sina kitu. Nina unga tu."

Mimi nikasimama pale natiririka maji. Halafu akasema, "Maji yako kwenye mtungi."

Mwanzoni sikuelewa. Nikadhani ananipa ninywe.

Akasema tena, "Maji yako kwenye mtungi. Na kuni ziko pale zilipokuwa."

Wakuu, mwaka mzima nilikuwa nabeba sufuria, kumbe nilitakiwa nibebe unga.

Niliingia jikoni kwake nikapiga magoti. Makaa yalikuwa chini ya majivu kama alivyonifundisha. Nikapuliza, yakaitikia. Nikasonga ugali kwenye moto wake, kama ule mwaka niliokuja. Nikamwekea. Akamega, akachovya kwenye maziwa ya mbuzi, akala.

Akatafuna pole pole. Akasema, "Umezidisha maji."

Nikacheka mpaka nikalia, naye akanisonya. Akamaliza wote, mbwa hakupata.

Baada ya hapo nilikuwa naenda na unga. Sio kwamba tuliongelea ule moshi. Mimi na yeye hatukuugusia hata siku moja. Nilikuwa napika kwake, tunakula sahani moja, narudi kwangu kwenye moto wangu wa kiberiti. Alikufa masika ya pili, kifua. Tulimzika pale pale, mlangoni pa zizi, pembeni ya mume wake.

Funzo? Robi ananiambia uzi lazima uwe na funzo. Haya. Ninyi vijana mnapeleka kwa wazee vitu mlivyopika kwenu, simu, pesa, nyumba ya bati, halafu mnakasirika hawali. Nendeni mkapike kwao. Na sisi wazee tuache kukaa mlangoni tunamwangalia mtoto anapanda kilima na sufuria mwaka mzima bila kumwambia maji yako wapi. Yule mama nilimpenda, lakini kwenye hilo alinitesa.

Haya, nimesema. Mwenye kwao kulikotokea jambo kama hili aandike hapa chini, Robi atanisomea yote. Na anayetaka kunitukana atukane, mimi nilishaitwa Kiberiti nikiwa na miaka ishirini, mtaniita nini tena.

Kuna mmoja atauliza, hukumwambia arudi nawe? Nilimwambia. Ile siku ya ugali, jua limeanza kupinda, nikamwambia mama umekula chakula changu, basi yameisha, twende nyumbani.

Akafunika makaa yake kwa majivu, akasema, "Mimi niko nyumbani. Ninyi ndio mmetoka."

Nikampelekea Mwita yale maneno. Hakulala. Asubuhi akaacha ubalozi wake na karatasi zake, tukapanda kilima wote wawili, Chacha begani kwake. Akachuchumaa mbele ya mama yake, mtu mzima, akasema, "Mama, mimi ndiye nilimwambia awashe. Nikaogopa kukueleza. Nipige kama unataka, lakini twende nyumbani."

Mama alimpokea Chacha, akamweka mapajani. Akamwangalia mwanawe kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayemwangalia mgeni aliyekuja kutoka mbali akiwa amechoka.

"Mimi niko nyumbani. Ninyi ndio mmetoka."