Kitenge Juu ya Bomba la Chooni

Leo mama yangu amenipora sifa mbele ya jumuiya nzima, na nimefurahi!

Jana nilitoka Makambako na fundi wa kuchomelea mpaka kwa mama, Mjimwema. Tukafunga bomba la chuma pembeni ya ngazi za choo cha nje, awe analishika. Manyunyu ya Njombe mnayajua, zile ngazi ni utelezi mtupu.

Mama akanuna.
"Kesho jumuiya inasali hapa. Unataka waone nimezeeka?"
(Wajukuu wake wana watoto, jamani.)

Asubuhi nakuta bomba limefunikwa kitenge, eti nguo imeanikwa. Kwenye mvua!

Katikati ya rozari, rafiki yake Bibi Sesilia akatoka kwenda chooni.
Tukasikia, "Yesu na Maria!"

Nikakimbia. Mguu wake mmoja umeteleza nje ya ngazi, mikono yote miwili imeng'ang'ania kitenge na bomba lake. Bomba halijatikisika. Bibi hajagusa chini.

Akarudi ndani, akamgeukia mama.
"Mama Neema, kile chuma ni cha nini?"

Nikamwangalia mama. Akainua kidevu.
"Cha kushika. Nimekifunga mimi. Kwa umri wetu huu, unangoja uvunjike nyonga?"

Kisha kwangu: "Neema, Jumatatu mpeleke fundi kwa Bibi Sesilia."

Haya, wazazi wenu wanashika nini wakienda chooni? Semeni hapa.

Kitenge ameshakianua. Sasa anadai bomba lipakwe rangi, lionekane tangu barabarani.