Siku niliyoacha boksi ya spana za baba dukani ili nipate bearing ya Probox

Wakuu, hamjambo. Kwa muda mrefu humu nimekuwa msomaji tu. Leo niko na yangu, na sitaongeza chumvi. Mafundi wa Kitengela wakiipitia watajua ni nani anaandika.

Jana nilipita mahali duka la Mama Akinyi lilikuwa. Siku hizi ni jengo la bedsitter za kupangisha. Nilisimama kando ya barabara kama mtu aliyesahau anaenda wapi.

Mama Akinyi alikuwa anauza spea. Nje ya duka kulikuwa na benchi ya mbao, na sisi mafundi wadogo tusio na gereji za maana tulikuwa tunangojea hapo. Chai mkononi, matusi ya kirafiki, kila mtu ameshika kipande cha gari kilichokufa ili apewe kinachofanana.

Baba yangu alikuwa fundi. Alifariki, mama naye hakukaa sana, akamfuata. Nikatoka shule Form Two, nikachukua boksi yake ya spana na nafasi yake kwa yadi. Nyumbani kulikuwa na wadogo wangu watatu.

Shangazi yetu wa Makueni hakupenda huo mpango. Akanipigia simu.

"Musyoka, nakuja likizo ya Agosti. Nikikuta kazi yenyewe ni ya kubahatisha, hawa watoto nitawagawa kwa jamaa. Mmoja kwangu, mmoja kwa mjomba wenu, huyo mwingine tutaona."

Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa watalala njaa. Lakini hiyo "tutaona" haikunitoka kichwani.

Shule zikiwa karibu kufungwa, akaja Baba Terry. Huyu alikuwa anatoa vitunguu Illasit, kule mpakani, na kuuza huku kwetu. Probox yake ilikuwa inanguruma gurudumu la mbele kama posho mill ikisaga mahindi.

"Kijana, niko na gari zingine," akaniambia. "Nikiondoka na hii leo kabla jua lizame, zote ni zako kutengeneza. Ukinilaza hapa, tusijuane."

Wakuu, hiyo ndiyo kazi shangazi alitaka kuona. Nilifungua gurudumu haraka. Bearing ilikuwa imekwisha.

Sasa hapa wasio mafundi wanielewe. Wakati huo mteja alikuwa halipi kitu mpaka gari itembee. Duka nalo halitoi spea bila pesa. Fundi anabaki katikati, mfuko umekauka.

Nikaenda kwa Mama Akinyi. Akaniangalia juu ya miwani.

"Sura nzuri hainunui bearing, mwanangu. Niachie kitu."

Nikaweka boksi ya baba kwa kaunta. Akaitambua. Hakunitania tena. Aliisukuma chini ya meza polepole, akanipa bearing.

Nikarudi mbio. Ikasukumwa ndani kwa mashine ya presi, nikaanza kurudisha gurudumu kwa spana chache zilizobaki chini ya gari. Nikafika kwa ile nati kubwa ya ekseli, nikanyoosha mkono kuchukua soketi yake.

Soketi iko ndani ya boksi. Boksi iko kwa Mama Akinyi.

Lekishon, fundi jirani tuliyekuwa tunanyang'anyana naye wateja, alicheka mpaka akakalia tairi, akanisalimia kwa Kimaasai chao.

"Supa, Musyoka! Umeuza bunduki ndio ununue risasi!"

"Niazime soketi, bwana, wacha mchezo."

"Hiyo saizi sina. Hata mimi nilikuwa naazima kwa baba yako." Akapangusa macho. "Lakini wewe, umekuwa benki tangu lini? Gari ni ya huyo, spea ni ya yule. Si waongee?"

Ni rahisi kusema. Wakuu, mnajua cha juu. Labour, yaani pesa ya kazi, tulikuwa tunaitaja kidogo ndio mteja asikimbie, halafu tunaongeza bei ya spea kimyakimya. Unga wa nyumbani kwetu ulikuwa unatoka hapo. Mteja akiongea na duka, atasikia bei yenyewe, na unga umekwenda.

Jua lilikuwa linateremka. Nikapiga simu.

"Baba Terry, nakutumia namba ya mwenye duka. Muulize bei, umlipe yeye. Mimi utanilipa kazi ya mikono tu."

Nikamtajia kazi ya mikono, bei ya ukweli. Akakata. Baadaye kidogo akapiga.

"Kwani bearing ni hiyo pesa tu? Fundi wa mwisho alinichinja!"

"Ni hiyo."

"Na mbona labour yako iko juu hivi?"

"Kwa sababu sijaficha nyingine kwa bearing."

Nikamsikia anacheka. Akalipa. Mama Akinyi akatuma boksi kwa bodaboda, ameifunga kamba vizuri kama mzigo wa harusi. Nilikaza ile nati, na Probox ikashika barabara ya Kisaju kukiwa bado na mwanga.

Shangazi alipokuja, alikuta gari za Baba Terry zimepanga foleni. Akaketi kwa yadi kutwa nzima akitazama. Alirudi Makueni na gunia la vitunguu, bila mtoto.

Tangu hapo sijawahi kulipia mteja spea. Lekishon alinifuata, wengine pia, polepole. Siku hizi natumia duka picha ya chassis number ya gari, mteja analipa kwa simu kwa till ya duka, boda analeta. Ni vizuri, sidanganyi. Lakini wauza spea wangu wa sasa siwajui hata sura, na hakuna anayeniita mwanangu.

Nilichojifunza: fundi auze mikono yake kwa bei ya wazi, aachie mwenye gari na mwenye duka pesa zao. Utapoteza wateja wengine. Wanaobaki watakulisha.

Mafundi wenzangu, kwenu spea inalipwa na nani? Na nyinyi wenye magari, mkiambiwa mlipe duka wenyewe, mnahofia nini? Andikeni, nitajibu. Nina muda jioni hizi. Wadogo wangu wameondoka wote, mmoja kwa ndoa, wawili kwa kazi. Nyumba imenyamaza, lakini kila mmoja alienda kwa miguu yake. Hakuna aliyechukuliwa.