Benchi la Askari Lililopigwa Randa

Mwaka jana kamati ya ukarabati ya parokia yetu ililipiga randa benchi la askari. Mpaka leo nikikutana na mjumbe wa kamati hiyo sokoni Sumbawanga naangalia pembeni, kwa sababu nikimtazama usoni nitatoa maneno ya kwenda kuyaungama, na padre wa kuniungamisha ndiye huyo huyo anayekula nao ugali.

Nieleze hilo benchi kwanza. Lilikuwa la mbele kabisa, upande wa akina mama, la mninga uliokatwa bondeni huko Ilemba na kupandishwa mlimani kwa trekta. Mbele yake kulikuwa na ubao wa kuegemeza mikono ukiwa umepiga magoti. Juu ya ubao huo katekista wa wakati ule alichonga kwa patasi majina ya vijana wa parokia waliokwenda vita vya Kagera wasirudi. Jina la baba yangu lilikuwa la pili kutoka kushoto. Aliondoka nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo sijidai kumkumbuka. Walimzika huko huko Kagera, upande mwingine kabisa wa nchi, na mama hajawahi kufika. Familia zile zilichangia benchi kwa sababu hazikuwa na makaburi.

Kwetu, Siku ya Marehemu wote, watu hutoka na majembe kwenda kupalilia makaburi na kupaka chokaa misalaba. Sisi wa benchi tulibaki kanisani. Mama na wajane wenzake walikuja na mafuta ya alizeti na kitambaa, wakaupaka ule ubao jina kwa jina huku wakisali kwa Kifipa. Mwaka hadi mwaka ubao ukanywa mafuta, ukawa mweusi tii, na kwenye michongo weusi ukazidi. Mgeni angesema ni uchafu wa mikono ya watu. Lakini kamati haikuwa ya wageni. Walikuwa watoto wa hapa hapa, waliozaliwa vita vimekwisha, na bibi zao walipita kwenye benchi hilo kila Novemba mbele ya macho yao.

Kisa chenyewe ni kwamba Baba Askofu alikuwa anakuja kwa jubilei. Basi vigae vikawekwa, vyeupe, vya kuteleza, na kanisa likawa linang'aa mithili ya benki. Mapazia yakashonwa. Sikuwa na neno na vigae, ingawa bibi kizee mmoja alishateleza juu yake akaanguka. Mimi naishi mjini, nina duka la dawa za mifugo, na nilikuwa sijapanda kijijini tangu ukarabati uanze. Nilikwenda Siku ya Marehemu kama kawaida yangu, kumshika mama mkono. Macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Wajane wenzake wote wameshatangulia, kwa hiyo yeye ndiye aliyebaki wa kupaka majina yote.

Tuliingia kabla ya Misa, hakuna mtu. Harufu ya vanishi ilinipiga nikiwa mlangoni, na bado sikuelewa. Nilimfikisha mama mbele, akapiga magoti, akaanza kupapasa ubao. Mama hakusoma. Jina la mumewe analijua kwa kidole, anajua herufi ya kwanza inavyopinda na ufa mdogo uliopita katikati yake. Alipapasa kutoka kushoto kwenda kulia, akarudi, akaanza tena. Ubao ulikuwa laini, wa rangi ya asali, hauna hata mkwaruzo.

"Umenikosesha benchi, mwanangu," akasema. "Nipeleke kwenye letu."

Hasira iliyonishika pale sijawahi kuipata, hata duka langu lilipovunjwa. Nilitaka kupasua kitu. Nilitaka kung'oa kigae kimoja kimoja. Badala yake nilichuchumaa nikamwambia, "Ndilo hili, mama. Wamelipiga randa." Akaendelea kupapasa kana kwamba hajasikia.

Mwenyekiti wa kamati aliingia wakati huo, kijana wa makamo, suti safi, anatabasamu. Akampa mama shikamoo, na mama akaitikia marahaba, maana adabu yake haijawahi kumtoka hata pale isipostahili.

"Mama, umeona benchi lenu?" akasema. "Tumeliokoa. Wengine walitaka likawe kuni, limeoza kwa uchafu. Fundi ameshinda nalo siku nzima."

"Majina yako wapi?" nikamuuliza.

"Ah, dada, yale yalikuwa hata hayasomeki. Tutaweka bamba la marumaru pale nje, juu ya mlango. Mashujaa wetu wote. Baba Askofu ameshalibariki wazo."

Nikamuuliza, mama yangu huyu atalifikiaje bamba lililo juu ya mlango, atapandishwa kwa ngazi? Nikamuuliza kama makaburi ya kwao nayo yamechafuka tuyapige randa. Sauti yangu ilikuwa juu, ndani ya kanisa, na sijutii. Yeye akarudia kwamba nia yao ilikuwa nzuri. Naamini ilikuwa nzuri. Hiyo ndiyo inayonichefua zaidi, kwa sababu mwizi ningejua la kumfanya.

Mama alinyanyua mkono tukanyamaza wote wawili.

"Baba," akamwambia mwenyekiti, kwa upole kabisa, "maranda yake mliyapeleka wapi?"

Mwenyekiti hakuelewa. "Maranda, mama? Maranda tulitandika kwenye banda la kuku, kule nyumba ya mapadre."

"Nipeleke," mama akaniambia.

Nilimpeleka. Tulitokea mlango wa sakristia, tukapita bustani ya kabichi, mwenyekiti akitufuata huku akisema mama atachafuka. Banda lilikuwa la mabanzi na wavu. Chini mlikuwa na maranda, mengine bado meusi upande mmoja, yamechanganyika na mbolea ya kuku. Mama aliuliza kama tumefika. Nikasema ndiyo. Akashika wavu kwa mkono mmoja, akajishusha taratibu mpaka magoti yakagusa udongo, akaanza sala ya marehemu kwa Kifipa, akiwataja wale vijana mmoja mmoja kwa mpangilio wa ubao.

Watu wa Misa walikuwa wameanza kuingia uwanjani, wamevaa vitenge vya jubilei. Mwenyekiti akaninong'oneza nimnyanyue mama upesi, watu watamwona.

"Wamwone," nikasema, nikapiga magoti pembeni yake.