Nyimbo Nilizomchagulia Mwanangu

Mvulana wa tatu alipochomwa kisu karibu na kituo chetu cha treni hapa Edmonton, huku ughaibuni, niliingia chumbani kwa mwanangu, nikamnyang'anya simu na kufuta nyimbo zake zote. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Zilikuwa nyimbo za vijana wa mitaa ya huku, za kutajana na kutishana, na kusema kweli sikuwahi kusikiliza hata moja mpaka mwisho. Za nini? Nilikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na nilitaka awe hai. Mengine yote, shule, adabu, hata Kiswahili anachokielewa na kukataa kukisema, yangengoja.

Badala yake nikamwekea muziki wa country.

Sisi watu wa Nyandarua, kule Kenya, hatuhitaji kuelezwa habari ya country. Tumelelewa nayo redioni. Ng'ombe wameshakamuliwa, baridi inauma, na Mmarekani fulani anaimba juu ya shamba la babake, mvua iliyochelewa, gari kuukuu la kubebea nyasi na mama anayemwombea jikoni. Mimi nilijua anaimba habari zetu. Ati alikuwa akimshukuru Mungu kwa kuzaliwa Marekani? Hiyo sikuishughulikia hata kidogo. Alipotaja nchi yake, mimi nilitia yangu, nikaendelea kuchapa mguu chini.

Basi kila Jumamosi nikimpeleka mpirani, sheria ilikuwa moja: ndani ya gari langu ni country au kimya.

"Baba, sisi hata Marekani hatujawahi kufika," alilalamika siku moja, kwa Kiingereza chake.

"Na jela umewahi kufika? Basi nyamaza usikilize."

Alisikiliza. Nilijiona baba hodari kweli kweli. Wenzangu kazini, kule kwenye ghala la mizigo, walikuwa wakilia juu ya watoto wao, nami nikiwapa ushauri bila kuombwa.

Mara moja kwa mwezi, Jumamosi mchana, Wakenya tulikodi ukumbi. Ungetuona ungecheka: manesi, watunza wazee, wapakiaji mizigo, wote tumevaa kofia pana na buti, nyama choma mkononi. Ukija ule wimbo wa askari aliyerudishwa kwa mama yake ndani ya sanduku lililofunikwa bendera, ukumbi mzima uliinua mikono. Akina mama walijifuta machozi. Watu wazima tuliozungushwa na karatasi za uhamiaji miaka na miaka tuliapa kwa sauti kuu kuifia nchi ambayo si yetu wala si hata ile tunayoishi! Tukimaliza tunaenda kuongeza kachumbari.

Mwanangu hakuongeza kachumbari. Alikuwa na miaka kumi na mitano, amesimama karibu na spika, anaimba neno kwa neno, amekaza uso. Nilimnyooshea kidole mbele ya watu wote. "Mnamwona huyu? Huyu ni wa kwetu kabisa!"

Mjinga mimi.

Alipofika miaka kumi na minane, Jumapili moja tumetoka kanisani na mke wangu anapakua ugali, akatuambia amejiunga na jeshi.

"Jeshi gani? La nani?" nikauliza.

"La hapa."

Nilipiga meza mpaka mchuzi ukamwagika. Nikamuuliza kama ana wazimu, nchi hii imemfanyia nini, na nani amemtia upuuzi huo kichwani. Nilikuwa tayari kumfuata huyo mtu mpaka kwake.

"Ni wewe," akasema, taratibu, bila kiburi. Akanieleza kuwa nyimbo zote nilizomwekea zilisema mwanamume husimamia mahali palipomlea. Palipomlea ni hapa.

"Zile ni nyimbo tu! Hata si za nchi hii!"

"Najua. Lakini ulisema nisikilize."

Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nasikiliza gitaa na kukumbuka kwetu, naye amekaa kando yangu akisikiliza maneno. Nilimkimbiza mbali na kisu, nikampeleka kwa bunduki kwa mkono wangu mwenyewe. Mke wangu hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mwezi uliopita mwanangu alikuja nyumbani kwa siku tatu kabla ya kupelekwa nje. Hakuruhusiwa kutuambia ni wapi. Alikuja na fomu ya kueleza matakwa yake, endapo lolote lingetokea. Akaniomba niisome, nisije nikashtukizwa na jambo baadaye. Nikavaa miwani. Nilisoma mpaka mahali panapouliza azikwe wapi. Alikuwa ameandika jina la makaburi ya hapa Edmonton.

"Hapa umekosea," nikamwambia. "Sisi hatuzikani huku. Mtu wetu akifa tunakutana kila jioni, tunaomba, mpaka mwili upande ndege urudi nyumbani. Hata wasio na mtu tunawarudisha. Wewe utalala kando ya babu yako."

"Babu sikumjua."

"Ni babu yako hata hivyo! Huwezi kuachwa huku kama mtu asiye na kwao."

Kisha akasema, na safari hii alijikaza akasema kwa Kiswahili, kile kibovu chake, akitafuta kila neno:

"Baba, kule ni mbali. Nyinyi mko hapa. Hapa mnaweza kuja na basi."

Nilitaka kubisha. Hiyo ndiyo tabia yangu, nabisha hata na redio. Lakini nikamrudishia fomu yake bila kubadilisha kitu, nikavua miwani nikaifuta ingawa ilikuwa safi.

Mke wangu, ambaye muda wote huo alikuwa akikunja nguo za kijeshi za mwanetu kwenye kochi, akauliza bila kuinua uso ni basi gani linalofika kule makaburini.

Mwanangu akamtajia namba papo hapo. Alikuwa ameshaangalia.