Soksi za Kijivu

Merle Zinck alizitambua soksi zake kwa tundu la kisigino, lile ambalo tangu mwaka juzi alikuwa akisema atalishona. Alizifuma mwenyewe kwa sufu nene ya kijivu, kwa ajili ya Wilf mumewe. Sasa zilikuwa miguuni mwa Corinne, mwenzao mpya wa kuzamia, zikiingia taratibu ndani ya suti ya kuzamia.

"Wilf kaniazima," Corinne akasema. "Vidole vilikuwa vinakufa ganzi."

"Pole," Merle akajibu.

Miaka kumi na tisa alikuwa akizama baharini na Wilf kila Jumamosi, hata Januari, ghuba za Nova Scotia zikianza kuganda kingoni. Lakini dakika ya ishirini tu baridi humshinda, akainua dole gumba, ishara ya kupanda juu, na wanaozama pamoja hupanda pamoja. Corinne yeye hukaa arobaini. Basi tangu Novemba Wilf alizama na Corinne, Merle akabaki juu ya mawe na chupa ya chai, na wakitoka walicheka mambo asiyoyaona.

Jumatatu akaenda dukani kwa mzee Garnet. "Nipe nguo ya kuvaa ndani ya suti, ya joto."

"Chukua hii nyembamba, na fulana ya sufu chini yake. Itakutosha."

"Corinne anavaa ipi?"

"Hii ya katikati."

"Basi nipe ile nene kabisa."

"Ile inashika hewa nyingi, mama. Ongeza kilo nne za vipande vya risasi mkandani, uzito wa kukuzamisha, la sivyo utaelea."

Merle alishafika mlangoni, kifurushi kifuani.

Jumamosi wakaingia majini watatu. Wilf akatangulia, akazama. Merle akatoa hewa yote ndani ya suti, akapiga mateke, akabaki juu kama kizibo.

"Umenenepa ghafla, dada!" Corinne akacheka. Kisha akafungua vipande vya risasi mkandani mwake, akavitia kwenye mkanda wa Merle. "Nenda, anakusubiri. Mimi bila hivi sizami."

Merle akashuka. Chini Wilf akamshika mkono, hakuuachia. Joto lilimkumbatia mgongoni na mapajani. Dakika ya ishirini ikapita, ya thelathini ikapita. Ya arobaini akakazia macho saa yake, akangoja moja zaidi, ndipo akainua dole gumba.

Corinne alikuwa ameshabadili nguo. Akawamiminia chai, akamkabidhi Merle soksi, zimekunjwa vizuri. "Nimezishona juzi. Si unajua Wilf, havumilii tundu."

Kisigino kilikuwa kimezibwa kwa uzi mwekundu, mshono mdogo mdogo, mzuri kuliko wake.

"Ahsante," Merle akasema.

Wilf hajawasha gari bado, Merle alikuwa ameshaanza kuufumua ule uzi mwekundu kwa meno.