Mwaka Tuliopangwa na Sur

Vumbi lililomwagiwa maji lina harufu yake, na mimi nikiinusa popote nilipo, hata kama ni jirani tu anafagia uani kwake, moyo hunienda mbio. Alkhamisi alasiri, kabla ya mpira kuanza, lori la maji lilikuwa likipita polepole likinyunyiza kiwanja cha skuli pale Ibra, nayo ardhi iliyokaangwa na jua tangu asubuhi ikatoa harufu ya chungu kipya kilichotiwa maji mara ya kwanza. Kiwanja chenyewe hakikuwa na unyasi hata mmoja. Upande mmoja kulikuwa na jabali jeusi, upande wa pili kulikuwa na wadi, yaani bonde la mto mkavu, na baina ya viwili hivyo wanaume walichora mistari kwa chokaa ambayo kufika nusu ya mchezo ilikuwa imeshafutika, kila mtu akibishana mstari ulikuwa wapi. Ndani ya gari letu harufu ya vumbi ilichanganyika na ya karafuu, maana shangazi yangu Zuwena hakutoka nyumbani bila karafuu mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kwangu mimi dunia nzima ilikuwa pale.

Sisi tulikuwa watu wa kutoka Unguja. Wazee walisema "tumerudi", nami nikaona hivyo hivyo, ingawa niliingia Omani nikiwa wa kubebwa mgongoni na sikuwa na cha kukumbuka huku wala kule. Nyumbani tulikula kwa Kiswahili, tukagombezwa kwa Kiswahili, tukalala kwa Kiswahili. Asubuhi tukikanyaga skuli tunakimeza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yetu sisi ilikuwa ulimi. Nikisimama darasani kusoma, wasichana walikuwa wakifunika midomo kwa shela zao, na wakati wa mapumziko nasikia nyuma yangu: Zinjibariya, Zinjibariya, yaani Mzanzibari, kwa Kiarabu cha dharau. Nilikuwa na hasira, na hasira hizo ninazo mpaka leo, mume wangu ni shahidi. Palikuwa na mahali pamoja tu mji mzima ambapo Kiswahili chetu kilitembea kifua mbele, napo ni kiwanjani.

Hilo lilikuwa kazi ya Shangazi Zuwena. Marehemu mumewe alikuwa akicheza mpira Unguja, naye alimfuata kila mechi mpaka akaujua mchezo kuliko wanaume wengi wanaojisifu. Wanawake hawakukaa kiwanjani na wanaume; walikaa ndani ya magari yaliyopangwa pembeni, vioo vimefunguliwa nusu, vikapu vya visheti na chupa za chai ya tangawizi miguuni. Baba aliegesha pikapu yake karibu na mstari, akashuka kwenda kwa wenziwe, akatuacha mimi na Shangazi mbele. Upande wa pili wa kiwanja mwalimu wa michezo, Mmisri mwema mwenye filimbi shingoni, aliwaelekeza vijana kwa Kiarabu. Upande wetu Shangazi aliwaelekeza kwa Kiswahili, na sauti yake, Mungu amrehemu, ilifika mpaka kwenye mitende. "Mlimani!" maana yake mpira uende upande wa jabali. "Bondeni!" maana yake upande wa wadi. "Mwache!" "Rudi nyuma, we Saidi, umelala?" Saidi ni kaka yangu, ndiye aliyekuwa mbele akifunga mabao.

Nusu ya timu walikuwa watoto wa nyumba kama zetu. Nusu nyingine walikuwa watoto wa Ibra khasa, wasio na hata tone la Unguja, nao wakajifunza maneno yale kwa sababu yalishinda mechi. Alikuwepo Hamed, mtoto wa mtu wa mashamba ya mitende, huyo alikuwa akipayuka "mwache, mwache!" kuliko sisi wenyewe. Vijana wa skuli za vijijini waliokuja kucheza nasi walibaki wameduwaa, hawajui mpira unakwenda wapi. Wazee wawili watatu walinung'unika kuhusu sauti ya mwanamke, lakini vikombe vilivyozidi kuingia skuli manung'uniko yakapungua, na mcheza kwao hutunzwa: siku za ushindi tuliletewa halwa mpaka garini. Hamed aliwahi kuniita kwa jina langu sokoni, mbele ya dada zake walewale wa kunicheka, akaniuliza kama shangazi yangu atakuja Alkhamisi. Nilitembea kwenda nyumbani sigusi chini.

Kisha ukaja waraka. Makundi ya mashindano ya skuli yamepangwa upya, ulisema, na ulibandikwa ubaoni asubuhi, kufika adhuhuri mji mzima unaujua. Kijiji tulichokuwa tukitaniana nacho miaka yote, ambacho tukikifunga tunaimba mwezi mzima, kilipelekwa kundi la Nizwa. Sisi tukapelekwa kundi la pwani, pamoja na Sur. Barazani kwetu watu waligawanyika. Kuna waliosema tumeonewa, vijana wetu watachoshwa na safari. Kuna waliosema sasa ndiyo tumetambuliwa, kwani mshindi wa kundi lile atakwenda kucheza Maskati na mji wetu utatajwa. Baba alikwenda skuli kuusoma mwenyewe, kana kwamba akiukazia macho utabadilika. Mimi nilikuwa na hesabu yangu moja na sikumwambia mtu. Kuvifunga vijiji si kitu. Lakini tukiwafunga Sur, tena kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, basi kiti changu darasani kitakuwa kiti kama viti vingine. Niliomba dua kila sala, na nilikuwa naomba mabao.

Jioni moja Baba alimwambia dada yake, "Zuwena, angalia. Sur ni watu wa bahari. Kule Kiswahili kimejaa tele."

Shangazi alicheka. "Wazee, kaka. Wazee waliokwenda wakirudi. Hawa vijana waliozaliwa juzi watakijulia wapi?"

Na wote tukacheka naye. Tulikuwa tunajua fika kwamba hapana mzee wa Sur asiyeijua Unguja. Tulichosahau, sisi tuliojiona ndio wenye Kiswahili peke yetu Omani nzima, ni kwamba wazee hao wana wake, na wake wana watoto, na mtoto hulelewa jikoni. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Siku yenyewe ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, kwetu Ibra. Sur walikuwa mbele yetu kwa pointi moja, kwa hiyo sare haikutufaa kitu, ilikuwa lazima tushinde. Magari yalipangwa safu mbili. Vijana wa Sur wakashuka kwenye basi lao wamevaa fulana nyekundu, warefu, wamenyamaza, na golikipa wao kijana mwembamba mwenye mikono mirefu akaja kusimama goli la upande wetu. Tangu mwanzo mambo hayakwenda. Shangazi akiita bondeni, beki wa Sur keshafika bondeni. Akiita mlimani, wapo wawili wanamngoja Saidi. "Vijana wamekula nini leo?" akawa anauliza. "Wazito kama magunia ya tende!" Golikipa yule alikuwa kila mara akiwatupia mabeki wake neno kwa Kiarabu, nasi tukamwona mjuzi tu wa mpira, ama kuhusu kilichokuwa kinatokea masikini hatukuwa na habari.

Dakika za mwisho, bado sifuri kwa sifuri, Hamed akaangushwa mbele ya goli. Penalti! Magari yakapiga honi zote kwa pamoja. Saidi akauweka mpira, akarudi nyuma hatua tano, na kama kawaida yake akalitazama gari letu, kwa sababu penalti zote za mwaka ule alizipiga alikoambiwa na Shangazi. Na Shangazi alikuwa ameshamsoma golikipa: mchezo mzima alikuwa akiegemea upande wa wadi. Akatoa kichwa chote dirishani, ushungi ukamteleza mabegani.

"Mlimani, Saidi! Mlimani!"

Nilimwona golikipa akigeuza shingo kidogo kuelekea kwetu. Nilidhani kelele zimemkera. Saidi akapiga, tena akapiga vizuri, chini chini, upande wa jabali, na yule kijana alikuwa ameshalala pale anaungoja, akaukumbatia mpira kifuani. Filimbi ikalia. Saidi akakaa chini palepale vumbini. Sur wakaruka na kukumbatiana, na sisi tukabaki na honi zetu zilizokufa.

Nilikuwa nalia kwa sauti, nimejifunika uso, nikasikia mtu anagonga mlango wa gari. Alikuwa ni yeye, yule golikipa, vumbi mpaka kwenye kope. Akauchukua mkono wa Shangazi, akaubusu.

"Shikamoo, shangazi. Nisamehe. Nilikuwa nakusikia."

Kiswahili chake kilikuwa kama cha nyumbani kwetu, kile kile, na mvuto wake wote. Shangazi alibaki mdomo wazi, karafuu inaonekana. Kisha akasema marahaba, akauliza swali la Wazanzibari wote, "We mwana wa nani?" Kijana akasema mama yake ni mtu wa Malindi, mjini Unguja, sasa anakaa Aija, mtaa wa Sur wa ng'ambo ya hori la bahari, na kwamba mama hana wa kuzungumza naye ila wanawe. Malindi upande gani? Nyumba ipi? Jirani na nani? Wakaulizana hivyo, msikiti kwa msikiti, uchochoro kwa uchochoro, mpaka wakafika kwa msichana aliyesoma chuo kimoja cha Kurani na Shangazi, na msichana huyo ndiye mama yake. Shangazi akaangua kilio na kicheko vyote pamoja. Akalibeba kapu la visheti, visheti vyetu, vya mabingwa, akamkabidhi lote golikipa wa Sur! Wallahi sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia shangazi yangu dakika ile. Mimi nilitaka Ibra ishinde, yeye amepata shoga.

Haukupita mwezi, Baba alilazimishwa kutupeleka Aija. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya mfanyabiashara, na mlangoni alisimama mwanamke mfupi amejifunga kanga. Walikumbatiana hapo hapo kizingitini. Mimi nilikataa kushuka garini. Niliambiwa, nikabembelezwa, nikatishwa, nikasema sishuki katika nyumba iliyotunyima ushindi. Nikakaa peke yangu kwenye joto la pikapu, nasikia vicheko vya ndani, nasikia majina ya vichochoro nisivyovijua, nasikia Kiswahili kikimwagika kama maji ya mfereji, na nimenuna. Saa mbili nzima. Asiyekubali kushindwa si mshindani, Baba aliniambia njiani tukirudi. Katika yote ya utoto wangu hili ndilo linaloniuma zaidi, na hakuna aliyenifanyia, nimejifanyia mwenyewe.

Skuli habari ilienea kwamba golikipa wa Sur alikuwa akimsikia Shangazi mchezo mzima. Mwalimu Mmisri hakumgombeza mtu, aliweka kanuni tu: kiwanjani Kiarabu peke yake, wala pasitoke neno jingine garini. Baba alimfikishia Shangazi kwa adabu. Alikuja Alkhamisi mbili akakaa kimya, mikono mapajani, anatafuna karafuu yake, na ya tatu akasema kiuno kinamuuma. Hakurudi tena. Mwaka uliofuata ukaja waraka mwingine, makundi yakapangwa upya, tukarudishwa na skuli za vijijini, tukazifunga zote. Watu walifurahi. Lakini nilipokuwa nasimama pale, nasikia kelele zile za Kiarabu tupu, ilikuwa kama chai isiyotiwa kitu. Hamed aliyasahau maneno yake taratibu, mpaka siku moja nilimwita "mwache!" kwa utani na akanitazama tu.

Siku hizi Saidi ana karakana yake kule Firq, karibu na Nizwa, kichwa chote mvi, na akiwaita mafundi wake huwaita kwa Kiarabu. Shangazi tulimzika zamani. Shoga yake wa Aija alimfuata baada ya miaka miwili. Mjukuu wangu anacheza mpira katika skuli ya Ibra, kiwanja kina majani ya kijani na taa, na makundi yakipangwa upya hunionyesha kwenye simu yake, anacheka au anakasirika, naye ana matumaini yaleyale tuliyokuwa nayo sisi. Mimi hukaa garini na kiyoyozi, kioo kimefungwa. Kiarabu chake hakina kasoro. Hakuna mtoto aliyewahi kumwita Zinjibari, na siku nilipomuuliza kama wanamtania kwa asili yake, aliniuliza, "Asili gani, bibi?"

Nilichokiomba kila sala nimekipata, basi. Hakuna anayetucheka, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuchekwa. Nami ningekubali leo hii tufungwe na Sur kila Alkhamisi ya Mungu, mabao kumi kwa sifuri, mradi tu mtoto mmoja wa upande wa pili aje anigongee kioo, aseme alikuwa ananisikia.